Kiputo cha Mbwa Mkubwa: picha ya nebula ina ukweli kiasi gani?

Tangu picha za kwanza za darubini ya James Webb zitolewe Julai 2022 na kuzagaa kwenye makundi ya WhatsApp, swali ni lile lile kila picha mpya ya anga inapopita: rangi hizi ni za kweli, au kuna mtu kazipaka kwenye kompyuta? Miezi minane baadaye likazuka la simu. Mtumiaji mmoja wa Samsung aliitia ukungu makusudi picha ya Mwezi, akaiweka kwenye skrini ya kompyuta, kisha akaipiga kwa simu yake. Simu ikamtolea Mwezi wenye mashimo yaliyokolea vizuri, ambayo kwenye skrini hayakuwamo. Kuanzia hapo, kwa watu wengi, picha zote za anga zimeingia kapu moja: geresha.

Wapiga picha wenyewe hawajasaidia. Wapo wanaoapa kwamba picha zao ni halisi asilimia mia. Wapo wanaosema rangi ni sanaa, na sanaa haiulizwi. Na wapo, pengine ndio wengi, ambao picha wanayoionyesha imepita kwenye programu tano bila wao kujua ile ya tatu ilifanya nini hasa. Msomaji aliyeiona picha hiyo mara moja tu kwenye simu hana pa kushika.

Nebula maarufu hazifai kwa uchambuzi wa suala hili, kwa sababu kila mtu tayari ana picha ya Orion kichwani na anataka mpya ifanane nayo. Inafaa kuchukua moja isiyojulikana sana. Sh2-308 ni mfano mzuri: ni hafifu, ina umbo la kipekee, na nuru yake iko upande ambao kamera, jicho na programu hazielewani.

Kiputo chenyewe

Jina lake ni namba tu. Ni wingu la 308 kati ya 313 yaliyoorodheshwa na Mmarekani Stewart Sharpless mwaka 1959. Mwaka uliofuata Rodgers, Campbell na Whiteoak, waliofanya kazi Mount Stromlo huko Australia, wakalipa namba 11 katika orodha yao ya mawingu ya anga ya kusini. Wapiga picha wa leo wanaliita Kichwa cha Pomboo, maana upande mmoja wa duara umetokeza kama mdomo. Liko katika kundinyota la Mbwa Mkubwa, nyuzi saba hivi kusini mwa Sirius, na upana wake angani unazidi kidogo ule wa Mwezi mpevu. Kwa umbali wa karibu miaka ya nuru 5,000, hicho ni kiputo chenye kipenyo cha miaka ya nuru 60.

Kimepulizwa na nyota moja, EZ Canis Majoris, ya jamii ya Wolf-Rayet. Hizi ni nyota nzito mno zilizokwisha kuvua tabaka zao za nje na kubaki na kiini cha moto mkali. Upepo wake unatoka kwa kasi inayozidi kilomita 1,500 kwa sekunde, ukiisukuma na kuibana gesi ambayo nyota hiyo hiyo iliitoa polepole zamani. Kazi hiyo imechukua kama miaka 70,000, muda mfupi sana kwa mambo ya anga. Nyota yenyewe ipo chini kidogo ya uwezo wa jicho tupu, ila kwa darubini ya macho mawili inaonekana.

Afrika Mashariki ina bahati na kiputo hiki. Kikifika juu kabisa, Dar es Salaam kinasimama nyuzi 73 kutoka upeo, na Nairobi nyuzi 67. London hakivuki nyuzi 15, kwa hiyo mpiga picha wa huko anakitazama kupitia hewa nene karibu mara nne ya ile iliyo juu ya kichwa. Mwanzoni mwa Januari kinafika juu usiku wa manane. Mwishoni mwa Februari kinafika yapata saa tatu usiku, katika ile nafasi ya ukavu iliyo kati ya vuli na masika. Kinachotunyima raha ni ncha za anga. Mota ya kufuatilia nyota hulenga ncha mojawapo, na kwa Dar es Salaam ncha ya kusini iko nyuzi saba tu juu ya upeo, ndani ya ukungu na moshi. Ya kaskazini haichomozi kabisa. Inabidi kuikokotoa kwa programu inayotambua nyota zilizo kwenye picha, kwa sababu haiwezekani kuilenga kwa jicho.

Nuru ya aina chache

Nebula ya namna hii haimulikwi tu na nyota kama ukuta unavyomulikwa na taa. Gesi yake inatoa nuru yenyewe, na inaitoa katika mistari michache yenye urefu wa wimbi maalumu. Hidrojeni hutoa nyekundu ya nanomita 656.3, na kwa uchache zaidi buluu ya 486.1. Salfa hutoa nyekundu nyingine, 671.6 na 673.1. Oksijeni iliyonyang'anywa elektroni mbili hutoa 495.9 na 500.7, kijani kinachoelekea buluu. Katika Sh2-308 oksijeni ndiyo inayotawala, kwa kuwa miale ya nyota ya katikati ina nguvu za kutosha kuzing'oa elektroni hizo mbili.

Mstari huo wa kijani uliwahi kuwasumbua wataalamu kwa miaka zaidi ya sitini. William Huggins alipoielekeza spektroskopu yake kwenye nebula NGC 6543 mwezi Agosti 1864, alikuta mstari usiolingana na kitu chochote kilichojulikana duniani. Baadaye ikadhaniwa ni elementi mpya, ikapewa jina la nebuliamu. Mwaka 1927 Ira Bowen akaonyesha kwamba ni oksijeni ya kawaida iliyo katika hali ambayo maabara haikuweza kuiiga: gesi nyepesi kiasi kwamba ioni iliyosisimka inaweza kukaa zaidi ya nusu dakika bila kugongwa na nyingine, ndipo iachie nuru yake.

Jicho linaingia hapa, na kwa namna isiyotarajiwa. Gizani tunaona kwa seli ambazo usikivu wake uko juu kabisa karibu na nanomita 507, yaani jirani tu ya oksijeni. Lakini seli hizo hazitambui rangi. Mtu mwenye darubini kubwa na kichujio cha oksijeni, mbali na taa za mji, anaweza kuuona ukingo wa kiputo. Atauona wa kijivu. Na kuusogelea hakusaidii. Wingu lililotandaa likisogelewa linakuwa kubwa zaidi, ila mng'ao wa kila kipande chake unabaki pale pale. Ungesafirishwa hadi miaka michache ya nuru kutoka EZ Canis Majoris, kiputo kingejaza anga na bado kingekuwa ukungu wa kijivu.

Kwa hiyo anayedai picha "ya rangi halisi" kwa maana ya ile ambayo jicho lingeiona, anadai picha ya kijivu. Wachache watakubali kupewa hiyo.

Yale ambayo kila mpiga picha hufanya

Kabla ya mabishano kuna hatua ambazo hakuna anayezikwepa, na mkanganyiko mwingi wa umma unatokana na kutozijua.

Kamera huachwa wazi dakika kadhaa kwa kila picha, na picha hizo hurundikwa kwa makumi au mamia ili chenga zipungue. Sheria yake ni ngumu: ukitaka kupunguza chenga kwa nusu, unahitaji muda mara nne. Aliyekusanya saa mbili hawezi kupata picha safi mara mbili zaidi hadi afikishe saa nane, na akitaka tena mara mbili, 32. Huongezwa picha zilizopigwa lenzi ikiwa imefunikwa, ili joto la chipu litolewe, na nyingine za uso mweupe uliomulikwa sawasawa, ili madoa ya vumbi na giza la pembeni viondoke.

Baada ya yote hayo, rundo linafunguliwa kwenye programu kama Siril au PixInsight na skrini ni nyeusi. Zinaonekana nyota chache, basi. Chipu ya biti 16 ina ngazi 65,536 za mwanga, na kiputo chote kimejibana katika ngazi chache tu juu kidogo ya mwanga wa anga. Kukiona ni lazima ngazi hizo za chini zinyanyuliwe bila kuzichoma nyota, na unyanyuaji huo hauendi kwa uwiano mmoja: hafifu inapandishwa sana, angavu inapandishwa kidogo. Kwa hiyo hakuna picha ya nebula ambayo "haijaguswa", na anayetangaza kuwa hajagusa kitu ama hajui kamera yake ilimfanyia nini, ama amemezwa na nyeusi.

Msimamo wa rangi za kawaida

Kundi la kwanza linasema: tumia vichujio vya nyekundu, kijani na buluu, au kamera ya kawaida ya rangi, na uache kila nuru iangukie mahali pake. Wanachokilinda ni cha maana. Nyota zinabaki na rangi zinazoeleza joto lao: Omicron-1 ya Mbwa Mkubwa, iliyo karibu kabisa na ukingo wa kiputo, inatokea ya machungwa kama inavyostahili. Hidrojeni inapata nyekundu na chembe ya buluu kwa pamoja, hivyo inaelekea waridi badala ya wekundu mtupu. Na mtazamaji hahitaji ufunguo wa kusomea picha.

Kuna jambo ambalo hata wenyewe hulisahau. Kamera za kawaida huwa na kichujio cha ndani kinachozuia sehemu kubwa ya nyekundu ya hidrojeni, ndiyo maana kampuni ziliwahi kutoa matoleo maalumu ya astronomia, kama Canon 60Da ya 2012 na Nikon D810A ya 2015. Kwa nebula nyingi kizuizi hicho ni msiba. Kwa Sh2-308 si kikubwa hivyo, maana nuru yake kuu ni ya oksijeni, nayo inapita bila shida. Tena katika chipu ya rangi, hidrojeni inaangukia pikseli moja kati ya nne, ilhali oksijeni inasikika kwenye za kijani na za buluu, yaani tatu kati ya nne.

Udhaifu wake ni anga lenyewe. Kichujio cha kijani cha kawaida kina upana wa karibu nanomita 100, na kinapitisha kila kilichomo humo: taa za barabarani, Mwezi, mwangaza wa mji. Kichujio chembamba cha oksijeni kina nanomita tatu. Vyote viwili vinapitisha mstari wa 500.7, lakini cha kwanza kinaingiza mwanga wa anga mara thelathini na zaidi. Pale chenga zinapotokana na anga, na mjini hali ni hiyo, saa moja ya kichujio chembamba inahitaji kufidiwa kwa saa thelathini hivi za rangi za kawaida. Zamani taa za sodiamu zilikuwa na nuru ya wimbi lililojulikana, na vichujio rahisi viliweza kuikata. Taa za LED zimetandaza nuru yao kila mahali. Msimamo huu kwa hiyo ni mzuri kwa mwenye anga la nyikani. Kwa mkazi wa mjini unamaanisha kwamba kiputo hatakiona.

Msimamo wa rangi za kupangwa

Aprili 1995 Jeff Hester na Paul Scowen walitumia darubini ya Hubble kupiga ile picha iliyojulikana kama Nguzo za Uumbaji, na wakapanga salfa kuwa nyekundu, hidrojeni kijani, oksijeni buluu. Tangu hapo mpangilio huo umekuwa sare ya picha za nebula, dhahabu na feruzi kila mahali.

Sababu yake haikuwa urembo. Hidrojeni na salfa zote mbili ni nyekundu. Ukiziacha mahali pake zinaungana na mtazamaji hatofautishi gesi iliyo tulivu na ile iliyopigwa na mawimbi ya mshtuko. Kuzitenganisha kwa rangi ni kuonyesha jambo ambalo rangi za kawaida zinalificha. Kwa maana hiyo picha ya Hubble ni ramani, na ramani haidai kwamba barabara ni nyekundu.

Shida inaanza sare hiyo inapovishwa kila kitu. Sh2-308 ina salfa kidogo mno. Mpiga picha anayetaka dhahabu analazimika kuinyanyua salfa hiyo mara nyingi zaidi ya oksijeni hadi zilingane, na kinachonyanyuka ni chenga kwa sehemu kubwa. Anayeitazama picha anaamini elementi tatu ziko pale kwa kiasi kinachokaribiana. Hapo mpangilio umeacha kueleza na umeanza kudanganya, ingawa hakuna pikseli iliyobuniwa. Kwa nebula hii, nadhani mpangilio wa Hubble hauna utetezi zaidi ya mazoea.

Msimamo wa kati: hidrojeni na oksijeni

Kundi la tatu linapiga mistari miwili tu. Hidrojeni inawekwa kwenye nyekundu, oksijeni inagawiwa kijani na buluu. Matokeo yake kiputo kinakuwa cha feruzi juu ya mandhari mekundu, na kwa mawimbi ya nuru hiyo hawako mbali na ukweli: nanomita 500.7 ni mpakani mwa kijani na buluu kweli. Kinachopotea ni buluu ya hidrojeni, kwa hiyo wekundu unakolea kuliko inavyostahili. Nyota nazo zinaharibika, kwa sababu nuru yao pana inanyofolewa vipande viwili tu. Wengi hurekebisha kwa kupiga dakika chache za rangi za kawaida na kuchukua nyota kutoka huko.

Nguvu kubwa ya njia hii inaonekana ukikikuza kipande kimoja cha ukingo. Gamba la oksijeni halilali juu ya gamba la hidrojeni. Liko nje kidogo, likitangulia. Ni utando mwembamba wa feruzi, kisha ndani yake nyuzi nyekundu. Watafiti waliochunguza viputo vya Wolf-Rayet wanautumia mwachano huo kusoma namna mshtuko unavyopenya gesi iliyotangulia. Katika picha ya rangi za kawaida iliyopigwa mjini mwachano huo unazama kwenye mwanga wa anga. Hapa rangi inabeba habari, na inaibeba pale pale ilipotoka.

Gharama zake ni za kiufundi. Vichujio vya nanomita tatu ni ghali, na kwenye lenzi zenye mdomo mpana sana mstari unateleza nje ya kichujio, kwa kuwa nuru inaingia kwa pembe. Kichujio cha bei kubwa kinaweza kuikata oksijeni yenyewe iliyonunuliwa kuipata. Nuru ya Mwezi inayosambaa angani ina buluu na kijani kwa wingi, hivyo oksijeni inataka usiku usio na Mwezi, huku hidrojeni ikivumilia. Wanaotumia vichujio vya mistari miwili kwa pamoja kwenye kamera ya rangi hawana nafasi ya kuchagua: usiku wa Mwezi unaharibu oksijeni hata kama hidrojeni imetoka vizuri.

Halafu kuna Omicron-1 tena. Vichujio vingi vya oksijeni hurudisha mwanga wa nyota angavu kati ya kioo na chipu, na nyota hiyo inazungukwa na duara hafifu. Duara hilo linakaa karibu kabisa na ukingo wa kiputo, lina rangi ile ile ya feruzi, na mtu asiyejua ataliona kama sehemu ya nebula. Mchakataji mwenye haraka analinyanyua pamoja na mengine.

Akili mnemba na yale inayoongeza

Mabishano makali zaidi sasa hayahusu rangi. Yanahusu programu zilizofunzwa kwa mamilioni ya vipande vya picha: za kuondoa nyota kama StarNet, za kupunguza chenga, na za kunoa kama BlurXTerminator iliyotoka Desemba 2022.

Watetezi wana hoja nzito. Ukungu unaoletwa na hewa na lenzi unajulikana kihesabu, na kuuondoa kwa hesabu kulikuwapo miongo mingi kabla ya akili mnemba. Programu ya kunoa haiulizwi "nichoree nebula"; inapewa kipande kidogo na kukadiria kilivyokuwa kabla ya kuchafuliwa. Pale ambapo nuru ni ya kutosha, matokeo yake yanalingana vizuri na picha za darubini kubwa zaidi.

Wapinzani wanaelekeza kidole kwenye maneno hayo: pale ambapo nuru ni ya kutosha. Kiputo cha Sh2-308 kwa sehemu kubwa hakina nuru ya kutosha. Katika saa mbili za picha, utando wa nje ni chenga zilizozidiana kidogo tu, na programu iliyozoea kuona nyuzi ndani ya nebula huzikusanya chenga hizo kuwa nyuzi. Zinatoka nzuri, zenye mwelekeo, zikifuata duara. Ukizitafuta kwenye picha ya mtu mwingine hazipo. Hapo tumerudi kwenye Mwezi wa simu, tofauti ikiwa kwamba Mwezi wote tunaujua sura, na kiputo hiki hakuna anayeweza kukusahihisha kwa kutazama juu.

Kufuta kunadanganya pia, na kunazungumzwa kidogo. Programu za kusafisha mwanga wa mji huchora mteremko wa mwanga na kuutoa. Katika uwanja wa Sh2-308, hidrojeni hafifu imetanda karibu picha nzima, na kwa programu ina sura ile ile ya mwanga wa mji. Inafutwa. Kiputo kinabaki kikielea kwenye nyeusi safi ambayo angani haipo. Kuondoa au kupunguza nyota nako kuna jambo lake: EZ Canis Majoris si angavu sana kuliko jirani zake, na ikipunguzwa sawa na nyingine inapotea katika umati. Mtazamaji anaoneshwa kiputo bila aliyekipuliza. Kwa kweli ni ajabu kidogo kutumia saa kumi kukusanya nuru na kisha kuficha chanzo chake.

Kupima umbo

Tukizipima hoja hizi, mabishano ya umma yameshika pasipostahili. Rangi ndiyo sehemu isiyo na madhara makubwa: ikitajwa kwamba hidrojeni ni nyekundu na oksijeni ni feruzi, msomaji anaweza kuigeuza kichwani, na hakuna alichopoteza. Umbo haligeuziki. Uzi uliobuniwa na programu, duara la kichujio lililochukuliwa kuwa gesi, wingu lililofutwa kama uchafu: haya hayana lebo inayoweza kuyarekebisha, kwa sababu mara nyingi hata mwenye picha hajui kwamba yapo. Picha ya kijivu yenye uzi wa uongo ni mbaya kuliko ya dhahabu yenye nyuzi za kweli.

Vipimo vya umbo vipo, na si vya wataalamu pekee. Kilicho rahisi ni kuligawa rundo nusu kwa nusu, picha za usiku wa kwanza upande mmoja na za usiku wa pili upande mwingine, na kuyachakata yote mawili kwa hatua zile zile. Uzi ulio angani utajitokeza mara mbili. Uzi wa chenga hautarudia mahali pale pale. Kwa madoa ya kichujio kipimo hicho hakitoshi, kwa sababu duara la Omicron-1 litajirudia kila usiku. Hapo inatakiwa kugeuza kamera au kutumia darubini nyingine kabisa.

Mwaka 2022 njia hiyo ya pili ilipata mtihani wake. Wapiga picha wasio wataalamu wa kuajiriwa, Xavier Strottner, Marcel Drechsler na Yann Sainty, walipokusanya nuru ya oksijeni karibu na galaksi ya Andromeda, walikuta tao kubwa hafifu ambalo karne nzima ya picha za galaksi hiyo haikuwa imelionyesha. Shaka ya kwanza ilikuwa ile ile: ni mwangwi wa kichujio, au ni kazi ya kompyuta. Walichofanya ni kutafuta picha za wengine, zilizopigwa kwa darubini tofauti na kutoka mahali tofauti, na tao likawamo. Taarifa yao ikachapishwa Januari 2023. Tao hilo ni la mstari ule ule unaokitawala kiputo cha Mbwa Mkubwa, na lilibaki halijulikani kwa sababu hakuna aliyedhani ina maana kuitafuta oksijeni pale.

Kwa Sh2-308, basi, njia ya hidrojeni na oksijeni ndiyo yenye hoja kubwa kwa wakazi wa mijini, ikiwa muda mwingi utatumika kwenye oksijeni katika usiku usio na Mwezi na nyota zichukuliwe kwenye rangi za kawaida. Mwenye anga la giza la kweli ana sababu nzuri ya kubaki na rangi za kawaida, na pengine apate kile ambacho wa mjini hawezi: hidrojeni ya mandhari ikiwa haijafutwa. Kupunguza chenga kwa akili mnemba kunavumilika kukiwa kidogo na kukifanywa sawa kwa picha nzima. Kunoa kungeachiwa nyota na sehemu angavu za gamba. Kwenye utando wa nje ningekataa kunoa mpaka rundo liwe limepita kile kipimo cha nusu kwa nusu.

Kinachokosekana katika picha nyingi ni rundo lenyewe kabla ya kunyanyuliwa, ili mwingine aweze kulifungua na kuona. Kikwazo ni cha kawaida kabisa: faili la pikseli milioni 26, rangi tatu, kwa biti 32, linakaribia megabaiti 310, na kwa bando la simu hilo ni zito kulipakia na zito zaidi kulipakua. Likipunguzwa nusu kwa urefu na nusu kwa upana linashuka hadi megabaiti 78 hivi. Chenga zinapungua katika kupunguza huko, gamba la kiputo linabaki, na nyuzi zilizobuniwa hazimo, kwa kuwa programu ya kuzibuni bado haijapita.